Kasuku, Mahindi na Kiti cha Mama



Mwezi wa nne niliwaahidi pishi la mahindi ya nazi, kwa mahindi mabichi ya bustanini kwangu hapa Izki. Wengine mmeniandikia kuuliza pishi limepotelea wapi. Pishi halikupotea, yaliyopotea ni mahindi. Wiki mbili baadaye akafariki baba, Mungu amrehemu, na hakuna aliyekumbuka tena habari za bustani. Nyote mliotupa pole, Mungu awalipe kheri. Leo nalipa deni langu, lakini kabla ya sufuria nataka niwahadithie wezi.

Mbegu aliniletea mwanangu aliyeko Uingereza, pakiti moja ya mahindi matamu, yale laini yanayoliwa mabichi, si haya ya kusaga unga. Nikazitia Februari, mistari minane, kila mstari miche minane. Jumla sitini na nne. Msinicheke kwa hesabu, ina sababu yake. Mahindi hupandishwa na upepo. Unga wa mbelewele za juu lazima uangukie ndevu za hindi, na kila unywele mmoja wa zile ndevu ndio unaozaa punje moja. Ukipanda mstari mmoja mrefu kando ya ukuta, kama nilivyofanya mwaka juzi, upepo unachukua unga wote kwa jirani na wewe unavuna magunzi yenye mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka sita. Panda kwa mraba.

Basi yakakua, yakapita kimo changu. Mwanzo wa mwezi wa tano, Ijumaa asubuhi, nikashuka na kikapu. Nilichokikuta ni kama watu wamefanya harusi mle ndani na hawakufagia. Maganda yamechanwa chini, mahindi yameliwa nusu na kuachwa, mabua matatu yamelala. Katika sitini na nne nilipata mahindi mazima manne. Nikayala nimesimama palepale, mabichi, kwa hasira.

Ukitizama vizuri, kila mwizi anaacha alama yake. Kasuku wale wadogo wa kijani, wenye mkia mrefu na mdomo mwekundu, ambao watoto wanawapenda, huchana ganda kuanzia juu au ubavuni, wanakula mistari michache, kisha wanahamia hindi la pili kabla hawajamaliza la kwanza. Hiyo ndiyo inayouma, kwani wangekula wakamaliza ningesamehe. Panya anakuja usiku, anapanda bua, anakwangua punje mojamoja mpaka gunzi linabaki safi kama limeoshwa. Mbuzi hana haja ya hindi pekee, anakula jani, mbelewele na bua, na anaacha mavi. Na ukiona ncha ya hindi ina ungaunga wa kahawia na kishimo, huyo si mwizi wa nje, ni kiwavi aliyeingia kupitia ndevu. Kwangu walikuwa wote wanne.

Dada yangu aliyeko Seeb anasema mimi nina bahati, kwa sababu yeye ana kunguru. Kunguru hangoji hindi, anang'oa mche ukiwa na majani mawili ili apate mbegu iliyo chini. Tena ni kunguru yuleyule tuliyemwacha Unguja, mwenye shingo ya kijivujivu, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 kutoka Bara Hindi ili asafishe taka za mjini. Taka zipo mpaka leo, na kunguru wapo. Huku Oman Mamlaka ya Mazingira imekuwa na kampeni za kumpunguza yeye na maina, jamaa yake kwezi, Dhofar khasa. Dada ananambia kwa mzaha kwamba huyu ndege ametufuata.

Sasa, nilifanya nini kujikinga? Kila nilichoambiwa. Nilitundika visahani vya sidii vikawa vinameta juani. Kasuku waliogopa siku tatu, ya nne mmoja akajitizama humo kama bibi harusi. Nikasimamisha sanamu, nikalivisha kanzu kuukuu ya mume wangu na kofia. Siku mbili baadaye nikamkuta maina ametua juu ya kofia. Mume wangu akasema hata yeye mwenyewe hawamwogopi, seuze kanzu yake. Nikafunika wavu juu ya mraba mzima, akanasa njiwa, na mtoto wa jirani akalia mpaka tukamnasua kwa mkasi. Wavu mkubwa unafaa wakati miche ni midogo. Mihindi ikishafika kimo cha mtu inakuwa kazi ya watu wanne kuuvua na kuuvisha, na upepo wa bonde hili unaukunja ukavunja mabua. Yale mabua matatu yaliyolala niliyavunja mimi na wavu wangu, si mbuzi. Nimeshamwomba radhi mwenye mbuzi.

Mama alikaa eda tangu mwezi wa tano, ikamalizika mwisho wa Septemba, wiki ileile niliyotia mbegu zilizobaki kwenye pakiti. Tukadhani sasa atatoka. Hakutoka. Anaswali, anakunywa chai, anarudi kitandani. Ukimwita barazani anasema kesho. Ukimuuliza anataka nini anasema hataki kitu. Na sisi watoto wake, kwa mapenzi, tulikuwa na neno moja tu la kumwambia: pumzika mama. Kikombe akitaka kukosha, pumzika mama. Vitunguu akitaka kumenya, kuna mfanyakazi, pumzika mama. Ana karibu miaka themanini, na tulikuwa tumemnyang'anya kila kazi ya mikono yake mpaka ikabaki tasbihi.

Katikati ya Novemba ndevu zikatoka. Nilikuwa natundika tena vile visahani vyangu, sina imani navyo, lakini mkono haukubali kukaa bure. Dirisha la chumba cha mama linaelekea bustanini. Nikasikia sauti yake:

"Wewe! Nani anaamia hapo?"

Neno hilo sikulisikia miaka mingi. Kwa vijana wetu waliozaliwa huko nje: kuamia ni kulinda shamba lenye nafaka, kufukuza ndege na wanyama mpaka mavuno. Ni kazi kamili, ina jina lake, kama kupalilia na kuvuna. Nikamjibu, "Hapana mtu mama, nimeweka sidii." Akanyamaza, kisha akasema, "Sidii itapiga kelele?"

Mama alizaliwa shamba, kaskazini Unguja. Babu alikuwa Mmanga wa hapa hapa Izki, na huko alikuwa na duka dogo la sukari, mafuta ya taa na dagaa, pamoja na ekari mbili za mahindi na muhogo. Alasiri hiyo, bila ya kuulizwa, alinihadithia dungu. Miti minne imesimikwa, juu yake ulingo wa fito na kipaa cha makuti, unapanda kwa ngazi. Kutoka juu zinakwenda kamba za makumbi mpaka pembe zote za shamba, zimefungwa makopo na vifuu. Ukivuta kamba moja, shamba zima linalia. Kaka zake walikuwa na kombeo. Mchana ni kazi ya watoto, kwa ajili ya ndege na kima, na alfajiri kabla ya chuo ndiyo saa mbaya kuliko zote. Usiku wanalala wanaume na moto, kwa ajili ya nguruwe.

Siku moja, ana miaka kumi, alishuka dunguni kwenda kucheza kibe. Kima wakaingia. Babu hakumpiga. Alimshika mkono, akamtembeza, akamwambia ahesabu mabua yaliyovunjwa. Thelathini na saba. Mama hakumbuki alikula nini jana, lakini thelathini na saba anaikumbuka, kwa sababu mwezi ule walikula muhogo mtupu.

"Hayakuwa mahindi ya kuchezea," akanambia, akitizama visahani vyangu.

Asubuhi ya pili nilipoamka kuswali nikasikia mlango wa nyuma. Mama amejitanda shali, ameshika kiti cha plastiki, anakiburura. Nilifungua kinywa kusema lile neno letu. Mume wangu akanikanyaga mguu.

Dungu hatukujenga, magoti yake hayapandi hata ngazi ya barazani. Lakini yule bidari wetu, kijana kutoka Bangladesh anayetutunzia mitende, alichomeka nguzo nne za makuti ya mtende pembeni, tukazungusha kamba na makopo ya maziwa na ya tuna, tukayatia vijiwe. Mwisho wa kamba tukaufunga kwenye mkono wa kiti. Kiti kikawekwa chini ya mtende, kivuli kipo, na thermosi ya chai ya tangawizi. Kijana akashangaa mno, akasema kwao pia wanafanya hivyo kwenye mpunga. Mama hajui Kibengali na yeye hajui Kiswahili, lakini walibishana juu ya urefu wa kamba kwa robo saa na wakaelewana.

Kasuku wana saa zao. Wanakuja jua linapochomoza, na tena baada ya swala ya Alasiri mpaka karibu na Magharibi. Mchana kati hawasumbui. Kwa hiyo mlinzi hahitaji kushinda kutwa, anahitaji saa mbili asubuhi na saa mbili jioni, na anahitaji kuzianza kabla wao hawajaonja. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Kundi likishajua kwamba hapa pana utamu, litarudi hata ukilipigia ngoma. Mtangulizi wao mmoja au wawili wanakuja kupeleleza, hao ndio wa kuwakirihisha. Mama alikuwa anawajua kwa sauti kabla mimi sijawaona. Anavuta kamba, makopo yanalia, na yeye anatoa ukelele mmoja mrefu ambao sikujua kama mama yangu anao kifuani.

Ukelele huo ndio uliomleta jirani, mama mwenye mbuzi, Mwarabu wa hapa tangu enzi na enzi. Alikuja mbio akidhani kuna maiti nyingine. Alipoona ni ndege akacheka mpaka akakaa chini. Tangu matanga alikuwa hajaingia kwetu, na mimi nilikuwa nimemnunia kwa yule mbuzi wake. Jioni ya pili akaja na kahawa na tende na mkeka wake. Mama alifika Izki mwaka 1974 hajui Kiarabu, alijifunza ukubwani, na bado akihamaki anachanganya. Wakakaa wawili wanafukuza ndege, mmoja kwa Kiswahili mmoja kwa Kiarabu. Mbuzi akafungwa kamba. Sikumwambia mtu neno.

Mjukuu wetu wa miaka tisa anakuja Ijumaa na Jumamosi, siku ambazo hakuna skuli. Kiarabu anacho, Kiingereza anacho, Kiswahili chake ni cha kuomba chapati. Mama alimpa kazi: kila Magharibi ahesabu mihindi, na ahesabu kwa Kiswahili, akikosea anaanza upya. Siku ya kwanza alikwama ishirini na tisa, akasema "ishirini na kumi". Wiki ya pili alifika sitini na nne bila ya kupumua. Mama alikuwa anasikiliza amefumba macho, kidole kinakwenda.

Sasa panya. Hapa nitakiri kosa. Mwezi wa nne nilinunua dukani punje za sumu nyekundu, nikaziweka juu ya kabati. Mwisho wa Novemba nilipokuta gunzi la kwanza limekwanguliwa, nikazishusha. Mama aliniona kutoka kitini. Akaniuliza maji yetu yanakwenda wapi.

Bustani yetu, kama nyingi za hapa, inakunywa maji ya falaji kwa zamu. Falaj al-Malki ya Izki ni moja katika falaji tano za Oman zilizoandikwa na UNESCO mwaka 2006 katika urithi wa dunia, na maji ya falaji yoyote hayaishii kwako. Yanaingia kwako, zamu yako ikisha unaziba kwa jiwe na tambara, yanakwenda kwa mwenzio. Zamu yetu nyingine ni ya usiku. Punje za sumu zilizotawanywa chini ya mihindi, maji yakija gizani, kesho ziko kwa nani? Kwenye kidimbwi cha mbuzi wa jirani, au mkononi mwa mtoto. Na panya aliyekula sumu haendi kufa mbali. Analiwa na paka, analiwa na bundi, na hao ndio waliokuwa wakikusaidia. Nilizitia katika mfuko, nikazifunga, nikaziondoa nyumbani.

Tulichofanya ni kazi ya kuchosha tu. Tuliondoa makuti makavu na kuni zote zilizorundikwa karibu na ukuta, maana panya hapendi kuvuka mahali peupe. Tukaweka mitego ya kubana, kwa siagi ya karanga, ndani ya vipande vya bomba ili paka na ndege wasinaswe. Na mahindi yenyewe tukayavisha. Fikra hii nimeipata kwenye mitende: kiangazi tunavisha vichala vya tende vifuko vya wavu kwa ajili ya ndege na nyigu, kwa nini tusivishe hindi? Vifuko vidogo vya vitunguu vinatosha, umefunga kwa uzi chini. Lakini ngojeni ndevu zikauke ziwe za kahawia kwanza. Ukivisha mapema, ndevu zimebanwa ndani, unga hauzifikii zote na punje hazijai. Wavu haumzuii panya mwenye njaa, ila unampotezea muda, na kasuku unamkatisha tamaa kabisa. Kwa kiwavi, ndevu zikianza kunyauka tia matone machache ya mafuta ya kupikia pale zinapoingilia ndani ya hindi. Nilijaribu mistari minne, na mistari minne sikutia. Sina haja ya kuwaambia ipi ilikuwa na viwavi.

Ndugu yangu wa Toronto, ambaye mwizi wake ni rakuni, anasema huko yote haya ni mchezo. Rakuni ana vidole, anafungua mfuko, anafungua pipa, na anakuja usiku uleule kabla ya siku uliyopanga kuvuna, kama amesoma kalenda yako. Kilichomsaidia ni waya mbili za umeme mdogo wa betri kuzunguka bustani, moja kama sentimita 15 kutoka chini na ya pili 30. Wenye watoto wadogo waulize kwanza kwa wanaojua.

Kuvuna: hesabu siku ishirini hivi tangu ndevu zitoke, kukiwa na baridi zaidi ngoja kidogo zaidi. Ndevu ziwe zimekauka na ganda bado ni kijani. Chana kidogo, toboa punje kwa ukucha. Ikitoka maji meupe kama maziwa, vunja leo. Maji yakiwa kama ya mvua, bado. Ikitoka kama uji, umechelewa. Vuna asubuhi na upike siku hiyohiyo, kwa sababu likishavunjwa sukari yake inaanza kugeuka wanga, na hilo ni mwizi wa tano ambaye kopo halimtishi.

Tulivuna tarehe tisa Disemba. Katika sitini na nne tulipata hamsini na saba. Panya alikula manne, na matatu waliyala kasuku siku ya Ijumaa mama alipoingia ndani kuswali na mjukuu akashika simu. Mama alimshika mkono akamtembeza, akamwambia ahesabu. Moja, mbili, tatu. Mtoto akauliza kwa nini bibi hakasiriki. Sikumweleza, ataulizwa na yeye siku yake.

Kumi yalikwenda kwa jirani, sita kwa bidari na wenzake, mengine tulichoma kwa ndimu, chumvi na pilipili. Mabua alipewa mbuzi.

Kiti bado kiko chini ya mtende. Nilikwenda kukiondoa, mama akasema kiache. Nikamwambia Februari nitatia tena mahindi. Akasema mwaka huu tutie na mtama, mistari michache. Nikamwambia mama, mtama unawaita ndege wote wa Dakhiliya. Akasema anajua.

Haya, pishi. Mahindi sita, yakate vipande vitatuvitatu pamoja na gunzi. Chemsha kwa maji na chumvi kidogo, dakika kumi zinatosha kwa haya matamu, yale ya kawaida yanataka zaidi. Mwaga maji. Tia tui jepesi la nazi moja, kitunguu kilichokatwa vyembamba, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa na bizari ya manjano nusu kijiko cha chai. Yachemke polepole mpaka tui lipungue, ndipo utie tui zito, ukoroge bila ya kuacha lisikatike, na ukishaona linataka kuchemka epua. Kamulia ndimu mezani. Mimi hutia sukari kijiko kimoja. Mama anasema sukari isitiwe kabisa, mahindi yanayo yake, na hapo hatujaelewana.